Mama wa Kitanda cha Dirishani

Ndugu wa wagonjwa hunichukia siku za mwanzo, na siwalaumu. Wanakuja na chupa za uji wa ulezi, mablanketi na huruma tele, halafu wananikuta nimekaa kando ya kitanda, mikono nimeilaza mapajani, namtazama mzee mwenye kiharusi akihangaika na kifungo cha shati. Anakishika, kinamponyoka, anakitafuta tena, jasho linamtoka. Mimi natazama tu. Mkewe akinyoosha mkono amsaidie namwambia, "Mwache, mama." Hapo wananitazama kwa jicho jingine kabisa, na jioni nasikia huko nje wananiita nesi mwenye roho mbaya.

Wodi yetu inaitwa wodi ya utengamao. Tulipopangiwa huko hata sisi wauguzi tuliulizana maana yake. Ni wodi ya watu ambao hawafi na bado hawajapona: waliopigwa na kiharusi, vijana wa ajali za bodaboda, mwenye sukari aliyekatwa mguu, mfugaji aliyekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe akavunjika nyonga. Ipo kazi ambayo ndugu wanaielewa, kama kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kukagua mgongo usije ukaota vidonda vya kulala, kumpa vidonge. Wasiyoielewa ni ile ya kukaa mikono mapajani. Mgonjwa akilishwa kila siku, mkono unasahau njia ya kwenda mdomoni. Inabidi mtu mmoja awe mkatili, na kwa kuwa ndugu hawawezi, nakuwa mimi.

Mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Kilosa, kwenye joto na mbu, nikahamishiwa Sumbawanga nikiwa mtu mzima. Nilishuka stendi mwezi wa saba nimevaa ndala. Upepo wa Ufipa ulinipokea vidole vya miguu kwanza, na mama mmoja muuza chai aliniuliza kama nimetoka msibani ghafla. Mume wangu alisema nitangulie, yeye atafuata. Mpaka leo anafuata. Mtoto wetu yuko chuo Dodoma, na siku hizi tunaongea kwa vidole: "Mama, mzima?" "Mzima." "Poa." Baada ya hapo simu inazima taa yake, nami nazima yangu.

Nimepanga mtaa wa Chanji, kwa familia ya watu wema kupita kiasi. Jioni wanaota moto uani, wanaongea Kifipa, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Nikitokeza tu mlangoni wanageukia Kiswahili, kwa kuniheshimu, na papo hapo maongezi yanapoa. Tunaulizana habari za kazi. Tunasema baridi ya leo kali. Mtu anachochea mkaa ambao hauhitaji kuchochewa. Nikiaga na kufunga mlango wangu, Kifipa kinarudi na kicheko kinarudi nacho. Hakuna aliyenikosea hata kidogo. Ila nilikuwa mpweke, na upweke wa kutendewa vizuri hauna hata wa kumlalamikia.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo alipoletwa mama wa kitanda cha dirishani.

Alikuwa mjane, mkulima wa mahindi, maharage na ulezi katika kijiji kimoja pembeni ya barabara ya kwenda Kasesya, kwenye mpaka wa Zambia. Kiharusi kilimkuta shambani akifukia nyasi kwenye matuta, kama wanavyofanya wanawake wa kule ili zioze zirutubishe udongo. Upande wote wa kulia ulilegea. Mdomo ulivutwa, na maneno yakawa mazito kutoka. Mwanawe, ambaye kazi yake ni kuwasaidia madereva wa malori kuvusha mizigo pale mpakani, alimleta mjini, akamwacha mkewe amwangalie. Mkewe alimwangalia hasa. Alimlisha, akamfuta mdomo, akamnywesha maji kabla hajaona kiu. Nilimwondoa polepole kwenye kijiko, tukakosana.

Lakini kilichonikera zaidi ni mama mwenyewe. Alikuwa hasalimii. Nikiingia asubuhi namwambia, "Shikamoo mama," anageukia dirishani. Wanawake wa jumuiya yao ya kanisa walitoka kijijini na kikapu cha mayai, wakapiga magoti mbele ya kitanda, na yeye akageukia dirishani vilevile mpaka wakaondoka wameinamisha vichwa. Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliwaambia wenzangu chumba cha chai kwamba kiharusi hakijamwondolea huyu mama kiburi, kimemwongezea.

Mkwewe ndiye aliyenisahihisha, tena bila kunitazama, huku akikunja kanga.

"Si kiburi, sista. Mama hawezi kupiga makofi."

Nilikuwa nimeishi Ufipa muda wa kutosha kuwa nimeliona jambo hilo kila siku. Sokoni, kanisani, kwenye mageti ya watu: mwanamke anakunja magoti, viganja vinakutana polepole, sauti ya chini, huku salamu zinakwenda na kurudi. Nililiona nikalichukulia kama pambo. Kwa mama yule halikuwa pambo, ndiyo salamu yenyewe. Kumsalimia mtu mzima mwenzako kwa mdomo mtupu ni kumtupia maneno kama unavyomtupia mbwa mfupa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka haumsikii. Bora aonekane hana adabu kwa kunyamaza kuliko kuionyesha adabu nusu.

Kesho yake asubuhi nilipiga magoti sakafuni kando ya kitanda, nikapiga makofi. Nilipiga kama mtu aliye kwenye mkutano wa hadhara, viganja wazi, pa, pa, pa. Wodi nzima iligeuka. Mama aliacha dirisha akanitazama kwa muda mrefu, mdomo wake ukihangaika kulitafuta neno.

"Una... unafukuza kuku?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Nilicheka pale pale sakafuni. Naye alicheka kwa nusu ya uso iliyokuwa inamtii.

Tangu hapo tulifanya hivyo kila asubuhi, na ikawa ndiyo tiba. Mtaalamu wetu wa viungo alipoona aliifurahia. Mwanzoni niliulaza mkono wake wa kulia pajani, kiganja juu, na ule mzima ukaufuata huko na kuugonga. Kisha nikakataa. Nilimwambia mkono mgonjwa nao uje, wakutane katikati, la sivyo siitikii. Ulikuja kwa kuburuzwa na bega, ukitetemeka, unasimama njiani, unalala, unaanza upya. Mimi nimepiga magoti, nasubiri, viungo vinaniuma kwa baridi ya saruji. Chai ya wodi inapita, inapoa. Kisha viganja vinagusana, sauti ambayo ni yeye na mimi tu tunaisikia, na hapo ndipo naitikia. Naye alinifundisha kupinda viganja ili sauti iwe ya chini. Alikuwa mwalimu mkali, hana sifa za bure.

Nilianza kubaki baada ya zamu. Sikumwambia mtu kwa nini. Nilivuta kiti dirishani, nje mikaratusi inayumba na shuka za wodi zinapeperuka kambani, tukaongea kwa kasi yake, ambayo ilikuwa ya mtu anayepanda kilima na mzigo. Nilijifunza kutomalizia sentensi zake. Siku moja aliuliza, "Bwana... yuko wapi?" Nikamwambia anafuata.

"Kwa miguu?" akauliza.

Hakuna mtu mwingine Sumbawanga nzima aliyekuwa amenitania kuhusu jambo hilo. Wote walinionea huruma, na huruma haichekeshi. Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani nikicheka peke yangu barabarani, mpaka kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, "Vipi mama, poa?"

Hali yake ilipoanza kuwa nzuri, suala la kurudi nyumbani likaja. Mwanawe alikuja kutoka mpakani na vumbi lake, akanivuta pembeni. Ana nyumba Kizwite, hapa hapa mjini, akasema, chumba cha mama kimeshapakwa rangi, mke wake yupo, maji yapo. "Sista, kule kijijini yuko peke yake. Akianguka? Watu watasema nimemtupa mama." Alikuwa mtoto mwema na alisema kweli. Nilimwelewa.

Mama aliponiambia upande wake alisubiri mkwewe atoke kwenda kuanika nguo. Alisema nusu kwa maneno, nusu kwa mkono mzima. Huko Kizwite hatakuwa na moto wake wala mlango wake. Na kubwa zaidi, ataogeshwa na mkwe. Hapa hospitali alikuwa ameuma meno akavumilia, kwa kuwa hapa kila mtu anaogeshwa. Lakini kwenye nyumba ya mwanawe, siku zote, mke wa mwanawe amwone alivyo! Alifumba macho aliposema hivyo. "Afadhali... nianguke kwangu."

Wakakubaliana mbele yangu. Kabla ya ruhusa, mama atapika kwa mkono wake, aketi kwenye kigoda kama anavyoketi kwake, ainuke mwenyewe, aende choo cha shimo na kurudi. Akiweza yote hayo bila kushikwa na mtu, atarudi kijijini, jirani yake atakuwa anapita kumchungulia. Akishikwa, ni Kizwite. Mwana alisema hivyo akiamini hataweza. Mama alikubali akijua hivyo.

Basi nikafanya kazi. Mazoezi yetu ya wodini ni ya viti virefu na vyoo vya kukalia, na kwake hakuna hata kimoja. Nilitafuta kigoda. Nikamketisha chini, magoti yakimfika kifuani, nikamwambia ainuke, na mkwewe akanung'unika kwamba namkalisha mzazi chini kama mtoto anayeadhibiwa. Nilimfundisha kupeleka kichwa mbele kwanza, mpaka aone vidole vyake vya miguu, ndipo asukume. Nilimtuma mwanawe akachimbie nguzo ndani ya choo cha kijijini, upande wa kushoto, imara, ya kushika wakati wa kuchuchumaa. Alikwenda shingo upande lakini alikwenda. Kupika mama alijifundisha mwenyewe: aliibana sufuria kwa nyayo zilizofungwa kitambaa, akasonga kwa mkono wa kushoto.

Sasa niseme jambo ambalo si la kusema kwa mtu aliyevaa sare. Mimi nilitaka aende Kizwite. Kutoka Chanji hadi Kizwite ni mwendo wa miguu tu. Nilishaanza kujiona Jumapili nikitoka na vitumbua vyangu kwenye kitambaa, nikifika, nikipinda viganja getini. Nilishajichagulia mpaka pa kukaa, ukutani pale panapopata jua. Kila alipoinuka vizuri kwenye kigoda nilifurahi kwa kazi yangu, halafu kitu kikanyong'onyea ndani yangu. Nilikuwa namfundisha kuniacha, na alikuwa mwanafunzi hodari.

Siku yenyewe jaribio tulilifanyia kwenye banda nyuma ya hospitali, mahali ndugu wa wagonjwa wanapopikia. Palikuwa na moshi, upepo ukiugeuza kila upande. Mwanawe alisimama mikono nyuma. Mkwewe alishikilia kanga mdomoni. Mimi nilisimama upande wake dhaifu, karibu, goti langu moja mbele tayari, kwani kumwacha mgonjwa ajaribu si kumwacha avunjike.

Alisonga ugali. Ulikuwa na madonge na ulielemea upande, lakini ulikuwa ugali, na mwanawe alimega tonge akala kwa sababu macho ya mama yalimwamuru. Alikwenda chooni, guu la kulia likichora mstari kwenye vumbi, sote tukasubiri tukitazama mlango wa bati, akatoka. Akarudi kwenye kigoda kuondoa sufuria motoni, akaketi, akaiondoa. Kilichobaki kilikuwa kuinuka mara moja tu.

Akapeleka kichwa mbele, akasukuma. Alipofika nusu, goti la kulia likakubali kisha likakataa. Akayumba kuja kwangu.

Mkono wake ulikuwa umbali wa kiganja kutoka kwangu. Ningeushika, hakuna ambaye angenilaumu. Mwana angenishukuru, mkwe angenipenda kwa mara ya kwanza, na mama mwenyewe asingejua kama niliogopa au nilitaka. Nilijua nilichokitaka. Jua la ukutani kule Kizwite nililiona. Nilikamata upindo wa sare yangu kwa mikono yote miwili, nikaubana hasa, nikasogeza goti langu karibu na nyonga yake lisiguse, kwa ajili tu ya kumzuia asidondoke vibaya.

Hakudondoka. Alirudi chini kwenye kigoda kwa kishindo. Mwanawe alipiga hatua. "Subiri," nilimwambia, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. Mama alikaa pale, anahema, moshi ukimpita usoni. Hakunitazama mimi. Alitazama vidole vyake vya miguu, akaendelea kuvitazama, kichwa kikashuka mbele, akainuka. Alisimama amepinda kama mti wa pembeni ya genge, lakini alisimama.

Mwanawe alifuta uso kwa mkono wa shati, akasema ni moshi. "Haya mama," akasema. "Kwako."

Waliondoka siku chache baadaye kwa gari la rafiki yake. Mkwewe alinipa mkono wa kuaga, akanishukuru kwa ufupi, na nikaona kwamba tayari anaikosa kazi ya kumlisha. Mimi nilitandika kile kitanda mwenyewe ingawa haikuwa zamu yangu. Nilivuta shuka, nikakunja pembe, nikakaa kidogo kwenye kiti cha dirishani mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo, kichwa. Mchana wakaleta mgonjwa mwingine, mzee wa watu wa kaskazini waliohamia na mifugo, asiyejua sana Kiswahili. Nikaanza naye upya na kifungo cha shati.

Nilijizuia kwa muda. Mgonjwa akiruhusiwa ameruhusiwa, na muuguzi anayewafuata wagonjwa majumbani kwao ana tatizo lake. Kisha ikaja Jumapili moja ambayo nilifua nguo zote, nikafua na zisizo chafu, nikapika chakula cha mtu mmoja na nikakibakisha. Uani wakanikaribisha motoni, wakageukia Kiswahili. Jumapili iliyofuata nilipanda gari la njia ya Kasesya, nikashuka, nikatembea katikati ya mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa nikiulizia nyumba yake.

Alikuwa amekaa mlangoni kwake, mguu mgonjwa umenyooshwa, rundo la mahindi makavu kando. Tulisalimiana inavyopasa. Mkono wake ulikuja wenyewe katikati, bado ukitetemeka. Nyumba imefagiwa, moto wake unawaka, nguzo ya chooni niliiona imeng'aa pale anaposhika. Nilikagua kila kitu kwa macho, nikamwuliza vidonge, nikamwomba niupime mkono. Alinipa mkono, akaniacha nimalize. Aliponyanyuka kwenda kuchota maji niliruka kumpokea kopo.

"Kaa," akasema. "Wewe mgeni."

Nikakaa. Aliniletea maji, akaniletea kiazi cha kuchemsha, polepole, safari moja kwa kila kitu, nami nimekaa kwenye kigoda, nakula, nikijiona sina kazi yoyote duniani. Jua likaanza kuegemea. Nikasema naona anaendelea vizuri, nitamwarifu mwanawe, ngoja niwahi gari.

"Umekuja... kunikagua?"

"Ndiyo, mama. Ni kazi yetu."

"Jumapili?"

Nilikusanya maganda ya kiazi. Naye hakuniongezea neno wala kunirahisishia. Alikaa tu, ameitupa mikono yake mapajani, ule mzima juu ya ule mgonjwa, ananitazama, na nilijua atatazama hivyo hivyo mpaka giza liingie. Nilianza sentensi nikaiacha. Nikaanza nyingine kuhusu dawa za shinikizo la damu.

"Sina mtu, mama," nikasema. "Kule mjini sina mtu. Nimekuja kwa ajili hiyo."

Hakusema pole. Alivuta rundo la mahindi kwa mguu wake mzima likafika mbele yangu, akanisukumia ungo.

"Basi wewe si mgeni," akasema. "Pukuchua."

Nikapukuchua. Mahindi yale yalikuwa makavu kweli, na vidole gumba vyangu vimezoea sindano, vikachubuka mapema. Aliniambia nabana vibaya. Baadaye tulisikia gari la mwisho la kwenda mjini likipita huko barabarani, likapunguza mwendo kituoni, likaondoka. Hatukuinuka, si yeye wala mimi.